Mwalimu Ugenini na Kuumiliki Moyo

Katika jumla ya mambo ambayo mwalimu hufunzwa kabla ya kupewa darasa, liko moja ambalo aghalabu huachwa lijifunze lenyewe, nalo ni kuutawala moyo wake. Hufunzwa hesabu na njia za kuzifundisha. Hufunzwa kuyapanga masomo ya juma, na kuandika ubaoni kwa herufi zisomekazo hata na aliye nyuma kabisa. Walakini afanye nini siku ambayo kifua kimembana, watoto hawamjibu, mshahara umechelewa, na usiku wa jana amepigiwa simu kuambiwa mama yake mgonjwa? Hilo huachiwa tabia yake. Akiwa mpole husifiwa, na akiwa mkali huogopwa, kana kwamba upole na ukali ni kama kimo cha mtu, huzaliwa nacho wala hana la kukifanya.

Makusudio ya somo hili ni kubainisha ya kuwa sivyo. Kuumiliki moyo ni ufundi kama useremala: hufunzwa, hukosewa, husahihishwa, na mwenye kuuacha muda mrefu humtoka mkononi. Na mahali pa kulionyesha jambo hili si mjini pwani, ambako mwalimu yu kwao, akitoka skuli hupita barazani, akacheka na rafiki zake, na nusu ya uzito wa siku ukamtoka pasipo yeye mwenyewe kujua. Pafaa pawe mahali ambapo hapana baraza wala rafiki. Ndipo ikachaguliwa Haydom.

Haydom ni mji mdogo wa wilaya ya Mbulu, katika mkoa wa Manyara, mkoa uliokatwa kutoka mkoa wa Arusha mwaka 2002. Kutoka Arusha mjini ni safari ya kiasi cha kilomita 300, kupanda nyanda za juu ambako mwezi wa Juni na Julai baridi humtafuta mtu wa pwani mpaka ndani ya blanketi. Wengi wameisikia kwa sababu ya hospitali yake kubwa, iliyoanzishwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway. Lakini kwa mwalimu, ajabu ya Haydom si hospitali, ni lugha. Wako Wairaqw, ambao wageni huwaita Wambulu, na lugha yao ni jamaa ya mbali ya Kisomali. Wako Wadatoga wafugaji, ambao lugha yao yakaribiana na ile ya Wanandi wa Kenya. Wako Wanyiramba na Wanyisanzu, wenye lugha za Kibantu ndugu za Kiswahili. Na huko chini, bonde la Yaeda na kando ya ziwa Eyasi, wako Wahadzabe wachache wasiozidi sana elfu moja, wenye lugha ya vidoko ambayo wajuzi wengi wa siku hizi hawaioni kuwa na ndugu yo yote. (Wako wasemao ya kuwa Wairaqw walitoka nchi ya Iraq, kwa kufanana majina tu. Mtaalamu mmoja wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, aliichunguza khabari hii akaandika mwaka 1998 jinsi dhana ya watu wachache ilivyonukuliwa mpaka ikageuka kuwa hadithi ya kusadikiwa. Yafaa msomaji aliye mpenzi wa nasaba azingatie.)

Sasa chukulia, ewe msomaji, kijana aliyezaliwa Pangani, akasoma chuoni na skuli, akapata cheti cha ualimu, kisha serikali ikampeleka skuli ya msingi ya kijiji kimoja nje ya Haydom. Amepewa darasa la kwanza, na watoto ni wengi. Kwani tangu ada za skuli za msingi zilipofutwa mwaka 2001 madarasa mengi ya Tanzania yamefurika, na walimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Siku ya pili asimama mbele ya mtoto wa kiume wa mstari wa mbele, amwonyesha kitabu, amwuliza kwa upole: "Hii ni nini?" Mtoto kimya. Amwuliza tena. Mtoto ainamisha kichwa. Mara ya tatu sauti ya mwalimu imepanda, na darasa zima limenyamaza, na macho yote yako kwake.

Hapo ndipo somo lilipo. Katika nafsi ya kijana huyu neno moja tu limepita, nalo ni "kiburi". Hakulichagua, limekuja lenyewe. Na likiisha kuja, mkono hulifuata upesi kuliko fikira.

Walakini ukimya wa mtoto yule waweza kuwa na maana nyingi, na kiburi ni ya mwisho katika hizo. Huenda hakukifahamu Kiswahili. Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia skuli za msingi za Tanzania tangu mwaka 1967, na mtoto wa Pangani huingia darasa la kwanza nacho mdomoni kama maji. Mtoto wa kijiji cha Wairaqw huweza kukikuta mlangoni mwa skuli kwa mara ya kwanza. Huenda amefahamu, ila kwao mtoto kumkazia macho mkubwa na kumjibu haraka si adabu, na hilo mtu wa pwani hapaswi kulistaajabia, kwani ndivyo alivyolelewa yeye mwenyewe. Huenda ana njaa. Hospitali ya Haydom ilikuwa mojawapo ya vituo vinane, katika nchi nane za ulimwengu, vilivyofuata makuzi ya watoto wachanga tangu mwaka 2009 katika uchunguzi ulioitwa MAL-ED. Ikaonekana ya kuwa wengi wa watoto wa vijiji vile walidumaa mapema kwa lishe duni na maradhi ya tumbo. Mtoto wa namna hiyo akifika skuli amekwisha tembea mwendo mrefu pasipo kula kitu. Ama huenda ana kifafa, kwani iko namna ya kifafa isiyomwangusha mtu, bali humfanya akodoe macho kitambo asisikie neno. Na mwalimu asiyeijua huiita jeuri.

Na kama mtoto ni Mdatoga, liko jambo jingine zito zaidi. Jirani huwaita Wadatoga "Wamang'ati", neno lililotoka kwa Wamasai na maana yake ni maadui. Mwalimu mgeni hulichukua jina hili sokoni, akidhani ndilo jina lao, akaliita darasani kwa nia njema kabisa. Mtoto asikia mwalimu amemwita adui mbele ya wenzake. Tena baba yake ana kumbukumbu zake. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Hanang, karibu na Basotu, yakachukua kiasi cha ekari 100,000 za malisho bora ya Wadatoga wa kabila la Barabaig. Na makaburi ya wazee wao yakalimwa kwa trekta. Kwa mzee aliyeyaona hayo, skuli ni nyumba ya serikali, na mwalimu ni mtu wa serikali. Wahadzabe nao walikusanywa na serikali Yaeda katika miaka ya 1964 na 1965 ili wakae kijijini na kulima, na haukupita muda mrefu wengi wakarejea porini. Mtoto huingia darasani na khabari hizi zote bila ya kuzitamka.

Mwalimu wa Pangani hawezi kuyajua yote haya siku ya pili. Hapana amtakaye ayajue. Linalotakikana ni dogo kuliko hilo: apate muda kati ya neno "kiburi" na mkono wake, hata kama ni wa pumzi tano, ili swali liweze kuingia. Muda huo ndio ufundi wenyewe.

Hupatikana vipi? Kwanza kwa kuijua hasira inapobisha hodi mwilini, kabla haijafika kichwani. Kwa mwingine masikio hupata moto; kwa mwingine taya hukaza, au sauti yake hupanda pasipo yeye kutaka. Kila mtu ana alama yake, na mwalimu aliyekwisha itambua yake amepata nusu ya kazi. Kisha ni kuwa na jambo la kufanya kwa viungo, kwani mtu mwenye hasira hawezi kujiamuru asiwe nayo, lakini aweza kujiamuru aweke chaki mezani. Wazee wa misikitini wamelijua jambo hili tangu zamani: aliyesimama na aketi, na akatawadhe. Wataalamu wa tabia wa leo nao husema mtu avute pumzi polepole, aitoe kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, apige hatua mbili kuelekea dirishani. Na fimbo ikae ofisini, isikae mkononi. Aliyeishika huitumia, na aliyeiacha mbali hupata muda wa mwendo wa kuifuata, na katika mwendo huo wengi hughairi.

Sharia ya nchi yenyewe, ukiitazama vyema, imejengwa juu ya muda huo. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko zilisema ya kuwa mwenye kuitoa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Msichana aadhibiwe na mwalimu mwanamke ikiwa yuko. Na kila adhabu iandikwe kitabuni. Watu hulitazama hili kama karatasi za ofisini tu. Lakini fikiri: mwalimu aliyekasirika yampasa aondoke darasani, aende kwa mkuu, aeleze kosa kwa maneno, angoje kalamu. Mara ngapi kosa, likiisha kuelezwa kwa maneno, huonekana dogo! Katika skuli ambako kitabu kile hakifunguliwi, kilichopotea ni ule muda. Kenya iliifuta adhabu hii skulini mwaka 2001, na Uganda ikaikataza kwa sharia mwaka 2016; lakini sharia pekee haikuutoa mkono wa mwalimu pale ulipozoea, kwani mwalimu aliyenyang'anywa fimbo pasipo kufunzwa jambo la badala hubaki na hasira ile ile na ulimi mkali.

Huenda mtu akauliza: je, ufundi huu wafundishika kweli, au ni maneno mazuri ya kitabuni? Jawabu ni ya kuwa umejaribiwa. Mtaalamu wa Tanzania Mabula Nkuba, pamoja na wenzake wa Ujerumani, waliandika mwaka 2018 khabari ya mafunzo waliyoyatoa kwa walimu wa skuli za sekondari za serikali nchini Tanzania. Mafunzo yalikuwa ya siku tano na nusu: namna ya kusema na mwanafunzi, madhara ya kipigo, njia nyingine za kuleta nidhamu, na kumtambua mtoto mwenye dhiki. Baada ya miezi, skuli zilizofunzwa zilipolinganishwa na zile zilizokuwa bado kufunzwa, walimu waliofunzwa walipungua kupiga na kutukana, na imani yao juu ya fimbo ilipungua pia. Huko Uganda, wilaya ya Luwero, skuli za msingi 42 zilijaribiwa kwa njia nyingine iliyotungwa na jumuiya ya Raising Voices ya Kampala, ambayo iliwashughulikia mkuu, walimu, wanafunzi na wafanyakazi wote wa skuli pamoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha ya kuwa katika skuli zilizopata mafunzo, wanafunzi 31 katika kila 100 walipigwa na mtu wa skuli ndani ya juma lililopita. Katika zile zisizopata, walikuwa 49. Si mwisho wa fimbo, lakini ni watoto wengi.

Na katika mwaka ule ule wa 2018 wataalamu hao wa Tanzania na Ujerumani walitoa andiko jingine ambalo kwa somo hili lina thamani zaidi. Waliwauliza walimu wa sekondari za Tanzania juu ya dhiki ya kazi yao, na juu ya adhabu wanazotoa; ikabainika ya kuwa dhiki ikizidi, ukali nao huzidi. Maana yake ni wazi. Kumhubiria mwalimu upole, ilhali analala chumba kisicho na mlango imara na kusahihisha madaftari kwa mwanga wa simu, ni kumtaka akupe maji kutoka mtungi mtupu. Mshahara wa wakati na nyumba ya kukaa ni katika jumla ya mambo ya tabia njema, wala si mambo ya tumbo peke yake.

Wanavyuoni wa Kiislamu hawakungoja uchunguzi huu. Ibn Sahnun wa Qayrawan, aliyefariki mwaka 870 wa Miladi, aliandika kitabu cha adabu za walimu, akawekea kipigo mpaka, akakataza kupiga kichwa na uso. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitaka mwanafunzi aonywe kwa ishara kabla ya wazi, na kwa huruma kabla ya lawama. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alieleza kama tabibu atajaye dalili: mtoto aliyelelewa kwa ukali hupungukiwa na furaha ya nafsi, huwa mvivu, hujifunza kusema uwongo na kuonyesha asichokuwa nacho moyoni ili auepuke mkono wa mwenye nguvu. Baba wa pwani amkabidhiye mwalimu mtoto pamoja na bakora, akidhani ndiyo desturi ya dini, na azisome khabari za watu hawa.

Turudi kwa kijana wa Pangani. Adui yake mkubwa si mtoto yule wa mstari wa mbele; ni upweke. Huenda katika walimu wote yeye ndiye peke yake afungaye Ramadhani, na magharibi inapoingia hufuturu peke yake juu ya kitanda. Kwao angelikuwa na jamaa kumi kuzunguka sinia. Mtu katika hali hii huingia darasani asubuhi na kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. Tone moja la ukimya wa mtoto, kimemwagika. Yeye husema mtoto amemkasirisha. Kikombe kilijaa usiku.

Basi dawa yake haipatikani darasani, bali katika chumba cha walimu, na jukumu la kwanza ni la mwalimu mkuu. Si lazima awe na fedha. Amtafutie mgeni mwenyeji mmoja wa kumshika mkono, amjulishe kwa wazee wa kijiji, na amwulize kila Ijumaa swali moja lisilohusu mitihani. Walimu wa Tanzania wamewekewa na serikali utaratibu wa mafunzo endelevu kazini, uitwao MEWAKA, ambao huwakutanisha skulini kujifunza wao kwa wao. Aghalabu mkutano huo hujaa hesabu na kusoma, jambo jema, lakini robo saa yake yaweza kutengwa kwa swali hili: nani wiki hii alikaribia kumpiga mtoto, na ilikuwaje? Mwanzo hapana atakayejibu. Mkubwa akianza kujitaja mwenyewe, wadogo hufuata. Wala wasisahauliwe wasio walimu. Mpishi wa uji ajua ni mtoto gani huficha nusu ya chakula chake ampelekee nduguye, na mlinzi ajua nani hufika kabla ya jua kwa kuogopa nyumbani. Watu hawa huketi nje ya mlango wakati mambo yao yakijadiliwa ndani.

Chukulia ya kuwa siku ile kijana aliiweka chaki mezani. Hakupiga wala hakuuliza mara ya nne. Aliwaambia watoto wachore kitabu ardhini, akatoka mpaka mlangoni. Saa ya mapumziko alimwendea mwalimu mzee, Mwiraqw, aliyefundisha hapo miaka mingi.

"Shikamoo, mzee. Yule mtoto wa mbele amekataa kunijibu."

"Marahaba, mwanangu. Umemwuliza kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili, mzee."

"Basi hajakataa. Hajakusikia bado. Mpe muda mpaka mvua zitakapoanza."

Kijana akaona aibu, na aibu nayo ni moto wa namna yake. Lakini mzee hakucheka. Alimwita msichana wa darasa la sita, akamwambia amfundishe mwalimu mgeni maneno kumi ya Kiiraqw kila juma, aanze na kitabu, maji, na njoo. Jumatatu iliyofuata kijana aliingia darasani, akainua kitabu, akalitamka neno lile mbele ya watoto wote. Alilikosea. Mtoto wa mstari wa mbele akainua kichwa, akalisahihisha kwa sauti, na darasa zima likacheka, na mwalimu akacheka pamoja nao.